Faili la bure la GHG Protocol: je, linaitosha ofisi ya wahasibu au mawakili?

Ofisi ya wakaguzi wa hesabu haina tanuru wala dohani. Ina viti, kompyuta, viyoyozi, jenereta uani, na watu wanaosafiri. Kwa kuwa moshi hauonekani, wengi wanaotaka kupunguza gesijoto huanza kwa kununua programu ya kulipia kila mwaka. Inawapa mchoro wa duara wenye rangi za kupendeza, na mwaka unaofuata namba inapanda bila mtu yeyote ofisini kuweza kueleza kwa nini.

Tunachokipima hapa ni faili la Excel la kukokotolea gesijoto linalotolewa bure na GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kupima gesijoto, pamoja na vitu vitatu ambavyo lazima viwe kando yake: vizidisho, yaani namba za kugeuza lita, kilometa au kilowati-saa kuwa kilo za gesijoto, vinavyotolewa kila mwaka na serikali ya Uingereza (wengi bado wanaviita vya Defra), kikokotoo cha safari za ndege cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na takwimu za umeme za Ember, taasisi ya utafiti wa nishati. Vyote ni bure. Tumelipima kwa kazi ya kampuni ya kati yenye watu 20 hadi 100, Nairobi au Dar es Salaam: wakaguzi, mawakili, washauri wa kodi, wasanifu majengo.

Kwa ofisi ya namna hiyo faili hili linatosha, na tunalipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja inapotea kwa sababu vizidisho vilivyomo vimeegemea mno Marekani na Uingereza, na kwa sababu halina mahali pa kutunzia ushahidi. Mengine yanayoharibika huharibiwa na anayelijaza, na ndiyo tutakayoyachambua zaidi.

Kwanza, kwa nini GHG Protocol na si kitu kingine. Mwongozo wake wa kampuni ulitolewa na taasisi za WRI na WBCSD mwaka 2001 ukarekebishwa 2004, na ule wa minyororo ya ugavi ukafuata 2011. Kiwango cha taarifa za tabianchi cha IFRS S2, kilichotoka Juni 2023, kinataka gesijoto zipimwe kwa mwongozo huo wa 2004. ICPAK, taasisi ya wahasibu ya Kenya, imeshatoa ramani ya kuanza kukitumia. Kwa hiyo mteja wako, hasa benki au kampuni iliyo kwenye soko la hisa, atakapokuuliza kaboni yako ili aijumlishe kwenye yake, atataka jibu lililopangwa hivi: Wigo wa 1 ni unachokichoma au kukivujisha mwenyewe, Wigo wa 2 ni umeme ulionunua, Wigo wa 3 ni mengine yote, kuanzia tiketi za ndege hadi kompyuta mpakato.

Faili lenyewe unalijaza sehemu kwa sehemu: mafuta yanayochomwa mahali pamoja, mafuta ya magari, gesi za viyoyozi, umeme, safari. Unachagua aina, unaweka kiasi na kipimo, linazidisha. Angalia kipimo kabla ya kuandika namba. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na orodha ya vipimo inaweza kukuwekea galoni pasipo wewe kutambua. Mwaka mzima wa dizeli utazidi karibu mara nne. Ukishamaliza sehemu ya dizeli, jipime kwa kichwa: lita moja ni takribani kilo 2.68 za hewa ya ukaa, petroli ni kama kilo 2.3. Faili likikupa kitu kilicho mbali na hapo, kosa liko kwenye kipimo.

Jenereta ndilo rahisi kuhesabu na rahisi kukosea. Risiti za mafuta zinaonyesha lita zilizonunuliwa, si zilizochomwa. Pima tangi kwa kijiti Januari Mosi na Desemba 31, kisha ongeza au punguza tofauti. Halafu linganisha na saa za mita ya jenereta. Jenereta ya kVA 100 iliyobeba nusu ya uwezo wake inakula lita 12 hivi kwa saa. Kama hesabu yako inatoa lita 20, ama mafuta yanaondoka kwa njia nyingine, ama saa hazisomwi, na vyote viwili vinatakiwa kujulikana kabla hujaandika chochote kwenye ripoti.

Tatizo la kawaida la ofisi ni jenereta kubwa kuliko kazi. Ilinunuliwa kwa ajili ya ghorofa nzima, sasa inawasha taa na kompyuta 30. Ikibeba chini ya robo ya uwezo wake, mafuta hayaungui vizuri, masizi na mafuta mabichi vinajaa kwenye bomba la moshi, na kila uniti ya umeme inagharimu dizeli nyingi zaidi. Dawa yake ni betri na inveta kwa kompyuta, taa na ruta, ili katikio la dakika 40 lipite bila jenereta kuguswa. Viyoyozi visubiri. Paneli za jua peke yake hazitibu hili: inveta ya kufungwa kwenye gridi isiyo na betri hujizima umeme unapokatika, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nguzo, na jenereta inanguruma vilevile jua likiwa utosini. Tunalisema wazi kwa sababu nukuu nyingi za sola zinazopelekwa maofisini zimeandikwa kana kwamba paneli zenyewe zitaiondoa dizeli.

Sasa gesi za viyoyozi, sehemu ambayo karibu kila ofisi inaiacha tupu. Toka nje, tazama kile kifaa cha AC kilichoning'inia ukutani. Ubavuni pana kibandiko cha chuma au karatasi, mara nyingi kimepauka kwa jua, na kati ya volti na ampea pameandikwa kitu kama hiki: R410A, 1.05 kg. Hicho ndicho unachokitafuta. Kilo moja ya R-410A ikivuja hewani ina nguvu ya kupasha dunia sawa na kilo 1,924 za hewa ya ukaa, kwa hesabu za ripoti ya tano ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Ni kama kuchoma lita 718 za dizeli, kutokana na mashine moja ya chumba kimoja. R-32, inayotumika kwenye mashine nyingi mpya, ni 677. Tofauti hiyo ni sababu tosha ya kuchagua R-32 unapobadilisha mashine iliyochakaa, ukikumbuka kwamba inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo inataka fundi anayejua, na haijazwi kamwe kwenye mashine ya R-410A.

Kanuni ya kuhesabu ni nyepesi: gesi iliyoongezwa mwaka huu ni gesi iliyovuja. Kikwazo ni ankara ya fundi. Huandikwa "service na kujaza gesi", bei, sahihi, basi. Hakuna kilo. Kuanzia leo masharti ya kazi yaseme hivi: mtungi upimwe kwa mizani kabla na baada ya kujaza, tofauti iandikwe kwenye ankara pamoja na aina ya gesi na namba ya mashine, na bila hayo malipo hayatoki. Mafundi wazuri wana mizani hiyo tayari, maana R-410A hujazwa kwa uzito. Anayejaza kwa kusikiliza sauti ya mashine na kugusa bomba atakuharibia compressor pia.

Sharti la pili ni kwamba haongezi gesi kabla ya kuonyesha inavujia wapi. Mara nyingi ni kwenye nati za maungio ya bomba la shaba, na povu la sabuni linatosha kuonyesha. Dar, Mombasa na Tanga kuna adui mwingine: hewa ya chumvi hula mapezi na mabomba ya kifaa cha nje. Mashine iliyo upande wa bahari ioshwe kwa maji baridi mara kwa mara, wala isisubiri service ya mwaka. Ofisi inayojaza gesi kwenye mashine ileile mara mbili kwa mwaka inalipia tundu lilelile mara mbili.

Ukiwa na mashine za zamani za R-22, usizijumlishe kwenye Wigo wa 1. Gesi hiyo iko chini ya Itifaki ya Montreal, na GHG Protocol inataka itajwe kando. Ina nguvu ya 1,760, kwa hiyo kuitaja kando si ruhusa ya kuisahau.

Umeme. Hapa Tanzania ushahidi wako ni risiti ya LUKU, na kosa kubwa ni kuchukua shilingi. Ndani ya shilingi hizo mna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, na tangu 2021 mna pia kodi ya jengo. Gawanya kwa bei ya uniti, utapata umeme usiokuwapo. Chukua uniti zilizoandikwa kwenye risiti, zijumlishe, kisha rekebisha kwa salio: piga picha ya mita siku ya kwanza na ya mwisho ya mwaka wa hesabu. Upande wa Kenya ni vivyo hivyo kwenye tokeni au bili ya Kenya Power: gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni hubadilika mwezi hadi mwezi, kilowati-saa ndizo zisizoyumba.

Wapangaji wa maghorofa wana shida zaidi, kwa kuwa umeme wao umo ndani ya gharama za huduma za jengo. Omba mita ndogo ya ghorofa yako. Ikishindikana, omba bili ya jengo zima na ugawe kwa mita za mraba unazozikodi juu ya jumla ya mita zilizopangishwa, ili lifti na korido zigawanywe pia. Jenereta ya mwenye jengo haiingii kwenye Wigo wako wa 1. Umeme wake ni umeme ulionunua, Wigo wa 2, lakini kwa kizidisho cha dizeli badala ya cha gridi. Hili husahaulika, na kwenye jengo linalokatikatika umeme linabadilisha picha yote.

Kuhusu kizidisho cha gridi, usitegemee kilichomo ndani ya faili. Weka chako, faili linaruhusu. Watu wengi hukimbilia orodha ya IFI (taasisi za fedha za kimataifa) iliyo kwenye tovuti ya UNFCCC, mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu ina nchi zote, wakachukua namba ya "mchanganyiko" iliyotengenezwa kwa ajili ya kutathmini miradi mipya ya umeme. Kwa hesabu ya kampuni unataka wastani wa umeme uliozalishwa mwaka ule. Ember inatoa wastani huo bure. Ujue tu kwamba inajumlisha na gesijoto za kujenga mitambo, hivyo inazidi kidogo. Chagua chanzo kimoja, kiandike, ukishikilie.

Na mwaka wa kizidisho ulingane na mwaka wa umeme. Kwa Tanzania hili ni kubwa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024. Mitambo yote ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Gridi iliyokuwa ikiegemea gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay si gridi ileile tena. Kampuni ikitumia kizidisho cha 2021 kwa umeme wa 2025 inajihesabia gesi ambayo haikuchomwa. Ikibadilisha kizidisho kimyakimya ikajisifu kwamba imepunguza, imejivika taji la bwawa. Onyesha mistari miwili: kilowati-saa zilizotumika, na gesijoto zilizotokana nazo. Kilowati-saa ndizo jitihada zako.

Nairobi jambo liko tofauti tangu zamani. Umeme wa Kenya unatoka kwa wingi kwenye mvuke wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana wenye megawati 310. Kwa hiyo ofisi ya Westlands inayoweka sola bila betri inaokoa pesa, lakini kaboni yake inashuka kidogo tu. Kama bajeti ni moja, betri ya kunyamazisha jenereta inatangulia paneli.

Taa zisichukue muda wako. Mrija wa zamani wa futi nne unakula wati 36 bila kuhesabu ballast yake, wa LED wati 18. Badilisha zinapoungua, uendelee.

Tufike kwenye kiini cha ofisi za kitaalamu, nacho ni ndege. Kwa ndege tunaweka sehemu ya faili pembeni na kutumia vizidisho vya Uingereza moja kwa moja, kwa sababu vinatenganisha madaraja ya viti. ICAO ni rahisi kutumia, unaandika viwanja viwili tu, nayo inafaa kupata umbali na kuhakiki. Lakini inahesabu hewa ya ukaa peke yake. Ile athari ya ziada ya mawingu membamba yanayoachwa na ndege juu angani haimo. Vizidisho vya Uingereza vinakupa safu mbili, yenye athari hiyo na isiyo nayo. Chukua yenye nayo.

Tazama namba. Nairobi hadi London ni kilometa 6,800 hivi, kwenda na kurudi 13,600. Kwa vizidisho vya 2023 vya safari ndefu, kiti cha economy ni kilo 0.20 kwa kilometa, cha business kilo 0.58. Economy inatoa tani 2.7, business tani 7.9. Ndege ni ileile na mafuta ni yaleyale; kinachobadilika ni nafasi ya sakafu ambayo kiti kimoja kinaichukua, ndiyo maana business ni karibu mara tatu.

Weka hilo kando ya ofisi ya mfano ya watu 40. Jenereta imekula lita 2,400: tani 6.4. Magari mawili yamekula lita 5,000 za dizeli: tani 13.4. Viyoyozi vimevujisha kilo 2 za R-410A: tani 3.8. Jumla ni tani 23.6. Washirika wanne wakienda London mara moja moja kwa business, ni tani 31.6. Safari nne zinazidi jenereta, magari na viyoyozi vya mwaka mzima vikijumlishwa. Hao wanne wakikaa economy ni tani 10.9. Hakuna balbu wala pipa la karatasi litakalokuletea punguzo la tani 20 kwa uamuzi wa mkutano mmoja, na inasikitisha kuona mabango ya "zima taa" kwenye korido za kampuni ambazo sera yake ya safari haijaguswa.

Makosa ya kujaza ndege ni haya. Tiketi ya kwenda na kurudi kuhesabiwa njia moja. Safari ya Dar, Dubai, London kuandikwa kama mstari mmoja wakati ni vipande viwili vyenye umbali mkubwa zaidi. Safari ya Dar na Mwanza kupewa kizidisho cha "ndani ya nchi", ilhali kizidisho hicho ni cha ndani ya Uingereza. Na ile ya Dar na Nairobi kupewa kile cha kutoka au kwenda Uingereza, wakati ipo safu ya safari za kimataifa zisizoigusa nchi hiyo. Asilimia za ziada za ndege kuzunguka angani badala ya kwenda moja kwa moja kuongezwa tena wakati vizidisho tayari vina asilimia 8 ndani yake. Tiketi zilizorudishiwa fedha kubaki kwenye orodha.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye vitabu, na wahasibu ndio wanaolifanya. Tiketi anazozilipia mteja hazikai kwenye akaunti ya gharama za safari. Hukaa kwenye akaunti ya fedha zitakazorudishwa na mteja, zinaingia na kutoka, na mwisho wa mwaka salio ni sifuri. Anayekusanya data akitazama gharama za safari peke yake hatazikuta, na kwa kampuni ya ushauri au ukaguzi hizo zinaweza kuwa ndizo nyingi. Aliyesafiri ni mtu wako, safari ni yako. Chukua ripoti ya wakala wa tiketi yenye kipande, daraja na tarehe, uilinganishe na akaunti zote mbili.

Kwa safari za ndani, chaguo limebadilika kweli. SGR ya umeme ilianza Dar hadi Morogoro Juni 2024 na ikafika Dodoma Julai mwaka huo. Land Cruiser ya dizeli inayokula lita 12 kwa kilometa 100 inachoma lita 108 kwenda Dodoma na kurudi, kilo 289, mara nyingi ikiwa na dereva na abiria mmoja. Treni inafika kwa saa nne au pungufu, na mtu anafanya kazi kwenye kiti. Panga usafiri wa kutoka stesheni mapema. Gari la kumfuata bosi Dodoma tupu kwa barabara, ili ashuke treni alikute, linafuta faida yote. Tafadhali msilifanye.

Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa inavutwa na injini za dizeli. Kwa abiria mmoja bado ni afadhali kuliko ndege au gari, lakini usiiandike sifuri kwa sababu tu inaitwa SGR.

Kuna kikwazo ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote: posho. Pale ambapo posho ya safari ni sehemu ya kipato cha mfanyakazi, kumwambia afanye mkutano kwa video ni kumkata mshahara. Atatafuta sababu ya kwenda, na ana haki ya kujali watoto wake. Sera inayofaulu inagusa malipo: sehemu ya posho zinazookolewa irudi kwenye timu kwa njia iliyo wazi, au mshahara urekebishwe, halafu ndipo idadi ya safari kwa kila mradi ipunguzwe. Kwa wakaguzi, kuunganisha ziara tatu za ghala moja kuwa mbili kunahitaji mteja akubali tarehe ya kuhesabu mali mapema, basi iandikwe kwenye barua ya kukubaliana kazi.

Sehemu ya manunuzi ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayouzwa kwa bei kubwa na programu za kulipia. Zinachukua matumizi yako kwa shilingi, zinageuza kuwa dola, zinazidisha kwa wastani wa uchumi wa Marekani. Chukua shilingi za Kenya 1,600,000 za vifaa vya ofisi. Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160, hivyo ni dola 10,000. Baadaye mwaka huohuo dola ikawa 129 hivi, na fedha zilezile zikawa dola 12,403. Kaboni yako imepanda asilimia 24 na hujanunua hata kalamu ya ziada. Tumia njia hii kuonyesha ukubwa wa jumla pekee, usiifanye kipimo cha maendeleo. Kwa vitu vichache vikubwa hesabu idadi. Kompyuta mpakato, mathalani: gesijoto zake nyingi zimeshatoka kiwandani kabla hujaifungua boksi, na watengenezaji wengi hutoa karatasi ya kaboni ya kila modeli. Ukiitumia miaka mitano badala ya mitatu, mzigo wake wa kila mwaka unashuka kwa asilimia 40. Betri mpya na RAM vinatosha kufika huko.

Usafiri wa kuja kazini unapatikana kwa dodoso fupi: unakaa wapi, unapanda nini, siku ngapi kwa wiki, gari lako mnakaa wangapi, mafuta gani. Mwendokasi, daladala, matatu na bodaboda vitenganishwe, maana abiria wa basi lililojaa na mtu mmoja ndani ya gari lake hawalingani hata kidogo.

Kuhusu lengo, kipimo cha SBTi, mpango wa kimataifa unaohakiki malengo ya kampuni, cha kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 ni kushuka kwa asilimia 4.2 ya mwaka wa msingi kila mwaka, kwa mstari ulionyooka. Usichague 2020 wala 2021 kuwa mwaka wa msingi. Ndege zilikuwa chini, utajifunga kwa mwaka usio wa kawaida. Na usitumie "kwa kila mfanyakazi" peke yake, kampuni ikikua jumla itapanda huku uwiano ukikusifu.

Hati za kaboni, yaani kulipia punguzo la gesijoto lililofanywa na wengine, faili halizipunguzi kwenye jumla, na liko sahihi. Zinatajwa kando. Ukitaka kununua, nunua mahali unapoweza kupaona: Mikoko Pamoja ya Ghuba ya Gazi, Kwale, inauza hati za mikoko chini ya Plan Vivo, kiwango cha kuthibitisha hati hizo, tangu 2013, na fedha zimeingia kwenye shule na maji ya vijiji vyake. Hati za majiko banifu zitazame kwa uangalifu, maana utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba nyingi zimehesabiwa kupita kiasi.

Nyota iliyopotea mnaweza kuirudisha wenyewe. Ongeza ukurasa mmoja kwenye faili uitwao Ushahidi: kila namba, chanzo chake, ukurasa wa risiti au picha, aliyeiingiza, tarehe. Funga kwa nenosiri seli za vizidisho, kwa kuwa mtu akiburuta fomula vibaya, Excel haitapiga kelele. Hifadhi nakala ya kila mwaka kwa jina la mwaka, na usiandike juu ya ya zamani. Mhasibu mmoja anamaliza kwa siku nne risiti zikiwapo, wiki mbili zisipokuwapo. Kampuni yenye ofisi katika nchi sita na sarafu sita ndiyo inayohitaji programu ya kulipia, na hata hiyo iulize kwanza muuzaji swali moja: inakubali kilowati-saa, lita na kilo za gesi, au inataka shilingi tu?